Ukipigiwa simu uende kituoni sababu ya posti: namna ya kujipanga, kwa ndugu zangu wa Amu na Malindi

Mimi simu iliniingia Alhamisi baada ya alasiri, niko pale ukutani karibu na gati la Amu, kisiwani Lamu, na wenzangu. Namba siijui, sauti ya mwanamume ametulia kabisa, aniambia wewe ndo ulioandika mambo ya boti ya wagonjwa, basi pitia kituoni tuongee kidogo, hakuna shida. Nikaenda. Sikumwambia mtu, hata mama watoto nyumbani hakujuwa, simu haina nywila, mfukoni sina hata shilingi mia, nikakaa kwenye benchi mpaka ishaa ikaadhiniwa. Hakuna aliyenipiga wala kunitusi, lazima niseme ukweli, lakini nilipotoka ile posti nilikuwa nimeshaifuta kwa kidole changu mwenyewe mbele ya mtu ambae mpaka leo silijui jina lake wala cheo chake. Na jambo la boti lilikuwa la kweli. Boti ilikuwa imefungwa gatini wiki ya tatu haina mashine, na kule visiwani mama mja mzito alivushwa usiku kwa mashua ya uvuvi.

Toka siku hiyo nimesoma katiba mpaka kitabu kimechakaa, nimekaa na mawakili nikawauliza maswali, na nimesindikiza vijana kadhaa wa grupu letu walioitwa kama nilivyoitwa mimi. Nilichojifunza ni kuwa katiba yetu ya Kenya ya 2010 ina nguvu sana, lakini nguvu yake yafanya kazi pale penye saa, penye jina na penye karatasi. Ukienda mikono mitupu utarudi umefuta posti. Kwa hivo nawaandikia hapa kila kitu ninachokijua, toka kabla hujaandika mpaka umeshatoka, someni polepole na mkiwa na bando mshee.

KABLA HUJAPOSTI

Tuanze hapa manake kesi nyingi hupotea siku ile ile ya kuandika. Kifungu cha 33 cha katiba chakupa uhuru wa kutafuta, kupokea na kutoa habari na mawazo, na hicho ni cha kila mtu, mwenye simu ya elfu tano na mwenye kamera ya laki tano haki yao ni moja, huhitaji kadi ya mwanahabari ndo useme boti haina mashine. Lakini kifungu hicho hicho kimeweka mipaka: propaganda za vita, kuchochea fujo, matamshi ya chuki, na kwamba lazima uheshimu haki na sifa za wenzako. Hapo kwa sifa za watu ndo wengi wetu huteleza.

Mimi sasa kila nikiandika natenganisha mambo matatu: nilichokiona kwa macho, nilichoambiwa, na ninachouliza. Tazameni tofauti. Posti yangu ya kwanza, ile niliyoifuta, niliandika hivi: "Hawa wezi wamekula pesa ya boti, safari hii tutawaonyesha." Leo ningeandika hivi: "Leo saa nne asubuhi boti ya wagonjwa iko gatini haina mashine, picha nimepiga mwenyewe. Nahodha mmoja aniambia iko hivi wiki ya tatu. Naiuliza ofisi inayohusika, mashine iko wapi, itarudi lini, na pesa za matengenezo za mwaka huu zimetumika vipi?" Ile ya kwanza ina maneno mawili ya kukuangamiza. "Wezi" wahitaji ushahidi wa wizi na mimi nilikuwa nao wa boti kukosa mashine tu, wizi sikuuona. "Tutawaonyesha" mwendesha mashtaka ataipigia mstari mwekundu aseme ni kitisho. Ya pili haina pa kushikwa, na bado yauma zaidi kwa sababu ofisi yapaswa kujibu maswali matatu ambayo kila mtu ameyaona.

Picha ya asili iwache kwenye simu na nakala iweke pahali pengine, kwenye fleshi ama kwa barua pepe yako mwenyewe. Ukituma kwa WhatsApp kama picha ya kawaida yapunguzwa na zile taarifa za ndani za tarehe na saa zaondoka, kwa hivo ile ya WhatsApp haitakusaidia sana kortini. Sura za wagonjwa na watoto zifiche, tuna Sheria ya Kulinda Data ya 2019 na mwaka 2023 Kamishna wa Data aliipiga shule moja faini ya zaidi ya shilingi milioni 4 kwa kuposti picha za wanafunzi bila idhini ya wazazi.

Na ndugu zangu wa Lamu nawaomba sana jambo moja. Ukiandika juu ya ardhi, andika namba ya ploti, andika tarehe ya hatimiliki, andika ofisi, lakini kabila la mtu liwache. Sheria ya Uwiano ya 2008 kifungu cha 13 yasema matamshi ya chuki ni faini mpaka milioni 1 ama jela miaka mitatu ama vyote viwili, lakini hata bila sheria, sisi tulioyaona mauaji ya Mpeketoni 2014 twajuwa maneno hufika wapi.

VIFUNGU AMBAVYO VIMESHAKUFA

Hili wengi hawalijui na wengine huogopeshwa nalo. Kuna makosa ambayo watu wa zamani walikuwa wakishtakiwa nayo na mahakama zimeshayafuta, lakini bado utasikia mtu akiyataja kaunta. Lile la "matumizi mabaya ya kifaa cha mawasiliano", kifungu cha 29 cha sheria ya mawasiliano, lilifutwa na Jaji Mumbi Ngugi Aprili 2016 kwenye kesi ya Geoffrey Andare ambae alishtakiwa kwa posti ya Facebook. Kumharibia mtu jina kama kosa la jinai, kifungu cha 194 cha Kanuni ya Adhabu, Jaji John Mativo alikifuta Februari 2017, kwa hivo siku hizi anaesema umemchafulia jina akushtaki kesi ya madai, alete wakili wake, adai fidia, na ana miezi 12 ya kuifungua, lakini si jambo la kukufunga pingu. Kifungu cha 132, kile cha kudharau mamlaka ya afisa wa umma, kilikufa Aprili 2017 kwenye kesi ya Robert Alai. Na kile cha uasi, cha 77, Mahakama Kuu ya Nakuru ilikifuta Machi 2024.

Inayobaki na inayotumika sana ni Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandaoni ya 2018. Kifungu cha 22 kiliandikwa cha kuchapisha habari za uongo, faini mpaka milioni 5 ama miaka miwili. Cha 23 kiliandikwa cha uongo wa kuleta taharuki ama kuharibu sifa ya mtu, mpaka miaka 10. Cha 27 ni kusumbua mtu mtandaoni. Hivi vifungu vimekuwa vikivutwa huku na kule toka siku ya kwanza: Mei 2018 Jaji Chacha Mwita alisimamisha vifungu 26 baada ya chama cha mabloga kwenda kortini, Februari 2020 Jaji James Makau akasema viko sawa, wao wakakata rufaa, na Oktoba 2025 bada ya rais kutia saini marekebisho mapya Jaji Lawrence Mugambi akasimamisha sehemu ya kile cha 27. Sasa nyinyi mwaona wenyewe, kifungu cha leo si lazima kiwe cha kesho. Ndo maana swali la kwanza ukiambiwa umekosa ni "kifungu gani, cha sheria gani?" na jibu liandike, afu wakili aangalie kama bado kimesimama.

OMBA KARATASI KABLA HAWAJAKUOMBA MANENO

Njia hii ndo ninayoipenda zaidi na ndo inayotumika kidogo zaidi. Kifungu cha 35 cha katiba chasema raia ana haki ya habari zilizoko mikononi mwa serikali, na Sheria ya Kupata Habari ya 2016 imeweka namna yake. Ombi laandikwa kwa Kiingereza ama Kiswahili, sheria yenyewe imesema hivo, na kama mtu hajui kuandika afisa ndo aandike kwa niaba yake. Huambiwi ueleze wazitakia nini. Kupeleka ombi hulipi, utalipa gharama ya kutoa nakala tu. Wana siku 21 za kukujibu, wakihitaji zaidi waweza kuongeza mara moja siku 14, na kama habari yahusu uhai wa mtu ama uhuru wake basi ni masaa 48.

Na msidhani haya ni mambo ya vitabuni tu. Wavuvi wetu wenyewe, Mohamed Ali Baadi na wenzake, walikwenda kortini 2012 juu ya bandari mpya ya Lamu, ile ya mradi wa Lapsset, na tarehe 30 Aprili 2018 Mahakama Kuu ikaamua kwamba serikali ilivunja haki zao, na mojawapo ni haki ya kupewa habari, watu hawakuelezwa vizuri mradi utawafanya nini. Fidia iliyoamriwa kwa wavuvi zaidi ya 4,000 ilikuwa shilingi bilioni 1.76. Mwaka uliofuata, Juni 2019, leseni ya mtambo wa makaa ya mawe ikafutwa na mahakama maalum ya mazingira kwa sababu wananchi hawakushirikishwa ipasavyo, na Oktoba 2025 Mahakama ya Mazingira na Ardhi hapa Malindi ikaitupa rufaa ya kampuni. Kesi zote mbili ziliegemea swali moja, je, watu wa Lamu waliambiwa?

Barua yangu ya boti ilikuwa hivi, nakilini mbadilishe tu maneno:

"Kwa Afisa wa Kutoa Habari. Kuhusu: ombi la habari chini ya kifungu cha 35 cha Katiba na Sheria ya Kupata Habari ya 2016. Mimi ni raia wa Kenya, mkaazi wa Amu. Naomba nakala ya kandarasi ya matengenezo ya boti ya wagonjwa ya mwaka huu wa fedha, kiasi kilicholipwa na tarehe ya malipo, na nakala ya daftari la safari za boti hiyo toka tarehe 1 Januari mpaka leo. Waweza kunitumia kwa karatasi ama kwa barua pepe. Nasubiri jibu ndani ya siku 21 kama sheria inavyosema."

Mwisho jina, saini, namba ya kitambulisho na tarehe. Chapa mbili. Moja waache nayo, ya pili wagonge muhuri na tarehe uondoke nayo. Wakikataa kugonga muhuri usigombane na yule msichana wa mapokezi, yeye ameajiriwa tu, tuma ile ile kwa barua pepe ya ofisi hapo hapo ukiwa umesimama mbele yake, saa itajiandika yenyewe. Siku 21 zikipita kimya, una siku 30 za kupeleka malalamiko kwa Tume ya Haki za Utawala, wale wanaoitwa Ombudsman. Ukumbuke pia, mtu mwenye barua iliyogongwa muhuri akiitwa kituoni, ni vigumu kumwambia "wewe wasambaza uvumi", kwa sababu aliuliza kwanza.

SIMU IKIINGIA

Usiseme naja. Uliza jina, cheo, kituo na jambo lenyewe, afu sema kwa adabu "afande naomba unitumie kwa maandishi". Sheria ya Polisi ya 2011, kifungu cha 52, yasema polisi akitaka mtu aje kusaidia uchunguzi amuite kwa maandishi, na iwe kituo cha kaunti ile mtu anakokaa ama aliko. Simu ya "pitia tuongee" si wito wa sheria. Lakini ukipata wito wa maandishi usiudharau, kutokwenda bila sababu ni kosa, nenda na mtu.

Halafu usifute posti! Hapa nasema kwa uchungu wangu. Ukifuta baada ya kuitwa yaweza kuonekana waficha ushahidi, na wewe mwenyewe wapoteza maneno kamili uliyoandika, manake mwenzako atakuja na skrinshoti iliyokatwa nusu. Piga skrinshoti zako nzima, posti na komenti zote na tarehe ionekane, nakili linki, mtumie mtu unaemwamini.

Mwambie mtu wa nyumbani na mtu mmoja wa nje kabla hujatoka, waambie kituo gani na saa ngapi, na mkubaliane kama mpaka saa fulani hujapiga simu wao waje. Andika namba ya wakili na ya hao watu kwenye karatasi uweke ndani ya kofia ama kiatu, kwa sababu simu ndo kitu cha kwanza kuchukuliwa na sote siku hizi hatukariri namba. Piga *#06# sasa hivi unaposoma, ile namba ya IMEI itakayotokea, ndo kitambulisho cha simu yenyewe, iandike nyumbani. Weka nywila ya tarakimu na uzime ile ya alama ya kidole. Kama huna wakili, mashirika ya haki za binadamu ya Muhuri na Haki Africa yafanya kazi pwani yote, Kituo cha Sheria wana ofisi Mombasa, na Chama cha Mawakili kina tawi Malindi. Tafuta mawasiliano yao leo ukiwa umetulia, si usiku wa kushikwa.

Na tarehe. Tarehe ni jambo kubwa kuliko watu wanavyofikiri. Kifungu cha 49 cha katiba chasema aliyeshikwa afikishwe kortini haraka iwezekanavyo na isizidi masaa 24, isipokuwa kama hayo masaa yataishia wakati korti imefungwa, basi ni mpaka mwisho wa siku inayofuata ya korti. Sasa hesabu mwenyewe, ukishikwa Ijumaa saa nne asubuhi, masaa 24 ni Jumamosi, korti hakuna, wafika Jumatatu. Rose Njeri, yule binti aliyetengeneza programu ya kuwasaidia wananchi kutuma maoni yao juu ya mswada wa fedha, alishikwa Ijumaa tarehe 30 Mei 2025, Jumapili ilikuwa Madaraka kwa hivo Jumatatu ikawa sikukuu, akatoka kwa dhamana Jumanne tarehe 3 Juni. Usiku nne ndani, mama wa watoto. Na tarehe 20 Juni korti ya Milimani ikasema yale mashtaka hayaonyeshi kosa lolote. Kwa hivo simu ya Ijumaa jibu lake ni ujumbe wa maandishi: "Nimepata simu yako, nitakuja Jumatatu saa tatu asubuhi na wakili wangu." Utume, uuweke.

UKIWA NDANI YA KITUO

Swali moja lauliza mambo yote: "Je, nimeshikwa ama niko huru kwenda zangu?" Ukiambiwa uko huru, shukuru uende, mazungumzo mengine yaje kwa maandishi. Ukiambiwa umeshikwa, tazama saa, na hiyo saa ndo yaanza masaa 24. Uliza kosa gani, kifungu gani. Katiba yataka uelezwe kwa lugha unayoifahamu, Kiswahili ni lugha ya taifa na pia ni lugha rasmi, msione haya kusema "nieleze kwa Kiswahili". Uliza namba ya OB, yaani kama jina lako limeandikwa kwenye daftari la matukio, manake mtu ambae hayuko kwenye OB ni kama hakufika pale.

Unayo haki ya kunyamaza. Najuwa kwetu kunyamaza mbele ya mkubwa ni kama utovu wa adabu, na kijana mmoja niliemsindikiza alitaka kueleza kila kitu kwa sababu aliona akinyamaza ataonekana mwenye hatia. Nikamwambia mwambie hivi, "afande nakuheshimu, nitajibu wakili wangu akifika", adabu imekaa na haki imekaa. Jina lako na anwani wape, mengine yangoje.

Yule kijana ndo aliyenifunza jambo la stetimenti. Afisa alimuuliza maswali kwa Kiswahili, akawa aandika kwa Kiingereza, ukurasa na nusu, afu akamsukumia kalamu atie saini. Kijana akainama kusoma, akaona neno "admit" akalijuwa, akarudisha kalamu mezani taratibu akasema hili neno mimi sikulisema. Afisa alikasirika kidogo afu akaandika upya. Bila kuinama kusoma angekuwa amekiri. Kwa hivo kama umeamua kuandikisha, andika kwa mkono wako mwenyewe na kwa Kiswahili, ama usomewe neno kwa neno kabla ya saini. Nafasi tupu chini ya maandishi piga mstari ili mtu asiongeze, tia saini kila ukurasa, na karatasi tupu usitie saini hata ukiambiwa ni ya kawaida.

Simu ni jambo lingine. Ile sheria ya kompyuta ya 2018, kifungu cha 48, yataka polisi waende kortini wapate kibali ndo wapekue na kuchukua data za kifaa. Kwa hivo ukiombwa nywila sema naomba kuona kibali cha korti, na usiseme kwa ukali, sema mara moja na unyamaze. Wakiichukua kwa nguvu usipigane, mwili wako wathamani kuliko simu. Omba iandikwe kwamba imechukuliwa, aina yake, IMEI, saa, na jina la aliyechukua, wakikataa wewe iandike ukitoka.

Ukiambiwa wahamishwa, hapo ndo pa kupiga kelele hata kama wewe ni mpole. Albert Ojwang, mwalimu, alishikwa Homa Bay Juni 2025 kwa sababu ya posti juu ya afisa mkubwa wa polisi, akasafirishwa mamia ya kilomita mpaka Nairobi na usiku huo huo akafa akiwa mikononi mwa polisi. Waliambia watu alijigonga kichwa ukutani, uchunguzi wa mwili ukaonyesha majeraha ya kichwa na shingo iliyobanwa. Mwenyezi Mungu amrehemu. Sisi wa Amu tuna bahari katikati, mtu akishapandishwa boti kwenda Mokowe, kutoka pale gari yaweza kumpeleka Malindi, Mombasa, popote. Kwa hivo ninyi mlioko nje mtu mmoja akae gatini, aandike boti gani, imeondoka saa ngapi, askari wangapi, na ndugu yetu alikuwa amevaa nini na atembea vipi. Mwengine awe Mokowe. Wajulishe wakili na waandishi wa habari saa hiyo hiyo, usingoje uhakikishe, na posti ni moja fupi: jina, saa, boti, waelekea wapi.

DHAMANA NA KORTI

Bondi ya polisi ni bure, na polisi wenyewe wana uwezo wa kuitoa bila kungoja korti, hata Jumamosi. Ukitozwa pesa taslimu za dhamana lazima upewe risiti, na kesi ikiisha ukiwa umehudhuria zote pesa zarudi. Pesa isiyo na risiti si dhamana. Na kama kosa lenyewe adhabu yake ni faini tu ama jela isiyozidi miezi sita, kifungu cha 49 chasema usiwekwe rumande. Kama una habari ya kweli kwamba watakushika kesho, wakili aweza kwenda Mahakama Kuu, iwe Malindi ama Garsen, kuomba dhamana ya mapema.

Ukifika mbele ya hakimu usikimbilie kujibu shtaka. Mwambie kwanza: nilishikwa siku hii saa hii, nimepigwa ama sikupigwa, simu yangu iko kwao bila kibali, naomba nakala ya mashtaka, naomba muda wa kumuona wakili, naomba kesi iendeshwe kwa Kiswahili. Hayo yataandikwa kwenye rekodi ya korti, na rekodi hiyo ndo wakili atakayoishika baadae.

MAANDAMANO NA KUPIGA VIDEO, KWA UFUPI

Kifungu cha 37 cha katiba kimetoa haki ya kukusanyika kwa amani bila silaha. Huombi ruhusa, watoa taarifa: barua kwa OCS, yaani mkuu wa kituo cha polisi, siku zisizopungua tatu na zisizozidi kumi na nne kabla, jina kamili na anwani ya mwandalizi, tarehe, saa, pahali na njia mtakayopita, kati ya saa kumi na mbili asubuhi na saa kumi na mbili jioni. Nakala igongwe muhuri kama ile ya habari. Sababu ya kuambiwa hapana kisheria ni kama kuna watu wengine walishatangulia siku ile, saa ile, pahali pale.

Kupiga video askari akiwa kazini njiani, simama mbali, usizuie kazi yake, usimkabili na simu usoni. Kambi na maeneo yaliyotangazwa kuwa yamelindwa msiyaguse, na operesheni za wanajeshi huku msitu wa Boni msizirekodi, si kwa woga, kuna watu wahatarishwa kweli.

UKISHATOKA

Kabla ya kulala andika yote, saa, majina, namba za beji, maneno waliyosema, chakula ulipewa ama hukupewa. Ukiumizwa nenda hospitali usiku ule ule, upate karatasi za matibabu na fomu ya P3, ile ya polisi ambayo daktari huandika majeraha. Malalamiko juu ya polisi yaende kwa IPOA, ile mamlaka huru ya kuwasimamia polisi, wana ofisi Mombasa. Na ukiona haki yako imevunjwa, kifungu cha 22 cha katiba chasema kufungua kesi ya haki za binadamu halipwi ada, na korti yaweza hata kupokea karatasi zisizo rasmi, yaani barua uliyoandika kwa mkono. Mzee wetu mmoja wa Matondoni nilimsomea hicho kifungu, akaniambia nisome tena, nikasoma mara tatu.

Mimi ile posti ya boti niliiandika upya, ya maswali matatu. Iko pale mpaka leo. Barua ya habari nikaipeleka wiki hiyo hiyo, muhuri ukagongwa, siku ya 19 nikapigiwa simu nikachukue nakala ya daftari la safari, kandarasi bado hawajatoa na malalamiko yake nimeshayatuma. Nakala zote nimeweka mbili, moja nyumbani na moja kwa shemeji Malindi, ndani ya bahasha ya khaki, na juu yake nimeandika namba za wakili kwa kalamu nzito.